Kulala nyikani Australia: Anacholipia mtalii anapojiunga na kikundi cha kambi

MATANGAZO ya kampuni za utalii nchini Australia huonyesha mwamba mwekundu wakati wa magharibi, watu wachache wakiota moto, na anga iliyojaa nyota. Picha hizo si za uongo. Ila hazionyeshi kilomita 450 hivi za barabara kati ya mji wa Alice Springs na mwamba wenyewe, sufuria zinazomngoja mgeni baada ya chajio, wala yanayompata mtu anayetembea adhuhuri bila maji ya kutosha.

Wakenya wanaosoma na kufanya kazi katika miji ya Perth, Melbourne na Sydney ni wengi. Likizo zinapowadia, haikosi baadhi yao, au jamaa waliokwenda kuwatembelea, kutamani kuiona sehemu ya ndani ya bara hilo, ile inayojulikana kama Outback. Kwa asiye na gari wala uzoefu wa nyika, njia iliyo rahisi zaidi ni kujiunga na kikundi kidogo cha watalii wanaolala kambini kwa siku tatu au zaidi. Hata hivyo, wengi hulipa nauli wakidhani wamenunua starehe. Walichonunua hasa ni busara ya mtu mmoja anayeijua nchi hiyo, pamoja na nafasi ya kufanya kazi chini ya maagizo yake.

Yafaa kwanza kuzingatia ukubwa wa nchi yenyewe. Northern Territory, mahali ambapo safari nyingi za aina hii hufanyika, ina eneo linalozidi kilomita za mraba milioni 1.3. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Kenya, ilhali wakazi wake ni kama robo milioni tu, na wengi wao wanaishi Darwin na viunga vyake. Anayetoka Alice Springs kwenda kusini husafiri kilomita 200 kabla ya kufika Erldunda, kituo cha mafuta kilichoko kwenye njia panda. Kutoka hapo hugeuka magharibi kwa kilomita nyingine zipatazo 250. Simu ya mkononi hupoteza mtandao muda mfupi baada ya kuuacha mji.

Msomaji aliyewahi kuvuka jangwa la Chalbi kutoka Marsabit kwenda North Horr anaweza kudhani kwamba upweke huo anaujua. Lakini hata Chalbi mtu aliyekwama huweza kutumaini kwamba mfugaji atapita na ngamia wake, amwonyeshe kilipo kisima. Katika sehemu kubwa ya nyika ya Australia, tumaini hilo halipo. Mifugo huachwa ijilishe yenyewe katika mashamba yenye upana wa wilaya nzima, na mwenye shamba anaweza kukaa majuma asipite upande huo.

Mkasa mmoja hutajwa mara kwa mara na wanaowafundisha wageni jinsi ya kusafiri huko. Mnamo Desemba 1998, wasafiri wawili kutoka Austria, mwanamume na mwanamke, walikwama mchangani karibu na Ziwa Eyre, katika jimbo la South Australia. Baada ya kungoja msaada pasipo mtu kutokea, mwanamke aliondoka kwa miguu kuelekea makazi ya William Creek, umbali wa zaidi ya kilomita 60. Maiti yake ilipatikana njiani, akiwa ametembea takriban nusu ya safari. Mwenzake aliyesalia kwenye gari aliokolewa akiwa hai. Polisi walipolifikia gari hilo, walipunguza upepo wa magurudumu yake na kulitoa mchangani kwa kuliendesha.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mgeni na mwenyeji wa nyika. Gari lilikuwa zima na ujuzi uliohitajika ulikuwa mdogo, lakini haukuwepo. Kiongozi wa kikundi analipwa kwa sababu anao ujuzi wa namna hiyo, simu ya setilaiti, maji ya akiba, na watu mjini wanaojua ni saa ngapi anapaswa kufika kambini. Kanuni anayoirudia kwa abiria wake ni fupi: gari likiharibika, hakuna anayeliacha. Gari huonekana kutoka angani na hutoa kivuli. Mtu mmoja anayetembea kati ya vichaka ni vigumu kumwona.

Kikundi huitwa kidogo kwa kuwa hutoshea katika basi moja la wastani, aghalabu watu wasiozidi 20 hivi, na nyuma ya basi hukokotwa trela lenye chakula, mizigo na matandiko. Kiongozi ndiye dereva. Ndiye pia mpishi mkuu, mwalimu wa historia, na mtoaji wa huduma ya kwanza. Kwa kuwa ni mmoja, kazi nyingine zote ni za abiria. Kuna wanaomenya viazi, wanaoosha vyombo, na wanaopakia trela kabla ya mapambazuko. Njiani basi husimama ili watu wote washuke kuokota kuni, hasa za mti uitwao mulga, ambao ni wa jamii ya migunga na huwaka polepole kwa moto mkali. Kuni hizo hukusanywa mapema kwa sababu ni marufuku kuziokota ndani ya mbuga ya taifa.

Mgeni asiyeambiwa haya mapema huona kwamba ametapeliwa. Amelipa pesa nyingi, kisha anapewa kitambaa cha kufutia sahani! Lakini ni heri ajue kwamba kampuni ikiajiri mpishi na wahudumu wa kumwandalia kila kitu, bei itakuwa nyingine kabisa. Isitoshe, watu waliotoka mataifa kumi tofauti hufahamiana upesi zaidi wakimenya vitunguu kuliko wakikaa vitini kama wageni wa harusi.

Chakula chenyewe si kibaya. Nyama na mboga hupikwa katika sufuria nzito za chuma zinazofukiwa kwa makaa, na mara nyingine hutengenezwa mkate wa unga usiotiwa hamira, uitwao damper, chakula cha kale cha wachungaji wa huko. Mara nyingi wageni huonjeshwa nyama ya kangaruu. Mwislamu anayetaka nyama halali, au mtu asiyekula nyama kabisa, sharti aiarifu kampuni siku anapolipa. Kulisema jambo hilo jioni ya kwanza, duka la karibu likiwa umbali wa kilomita mia moja au zaidi, hakumsaidii yeyote.

Wakati wa kulala, wengi hawatumii hema. Hutumia kitu kiitwacho swag, yaani godoro jembamba lililowekwa ndani ya turubai nene, linalokunjwa mchana kama mkeka na kutandazwa ardhini usiku. Katika karne ya 19, vibarua waliotangatanga wakitafuta kazi mashambani walibeba malazi ya aina hiyo mgongoni. Msafiri wa leo huingia kwanza ndani ya mfuko wa kulalia, kisha akajitia pamoja na mfuko huo ndani ya turubai, akabaki na uso tu nje. Viatu huwekwa ndani ya turubai au juu mahali pa salama, na hukung'utwa asubuhi kabla ya kuvaliwa, endapo mdudu ameamua kulala humo.

Kuna sababu nyingine ya kutoacha vitu ovyo kambini, nayo ni dingo, mbwa-mwitu wa Australia. Usiku wa Agosti 17, 1980, familia ya Chamberlain ilikuwa imepiga kambi karibu na mwamba wa Uluru wakati mtoto wao wa kike wa wiki tisa, Azaria, alipotoweka kutoka ndani ya hema. Mama yake, Lindy, alisema kwamba alimwona dingo akitoka hemani. Wengi hawakumsadiki. Mnamo 1982 alipatikana na hatia ya mauaji na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa mwaka wa 1986, baada ya kizibao cha mtoto huyo kupatikana karibu na eneo lenye mapango ya dingo, na hukumu ikafutwa mwaka wa 1988. Ni mwaka wa 2012 tu ambapo afisa anayechunguza vifo alitamka rasmi kwamba mtoto huyo aliuawa na dingo.

Taifa zima lilikuwa limebishana kwa zaidi ya miaka 30 kama mnyama huyo anaweza kufanya jambo kama hilo. Siku hizi hakuna kiongozi wa kambi anayelichukulia kwa mzaha. Chakula hufungiwa ndani ya masanduku, mabaki hayatupwi kando ya moto, na watoto hawaachwi peke yao. Dingo hupita kambini usiku, na kwa kawaida huenda zake akikosa cha kuiba. Anayezoeshwa kulishwa na watalii ndiye huwa hatari.

Jambo linalowatatiza zaidi wasafiri kutoka kwetu ni majira. Likizo ndefu ya vyuo vikuu vya Australia huangukia Desemba hadi Februari, wakati ambapo joto la katikati ya bara hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Nauli inaweza kupungua katika miezi hiyo, na mwanafunzi akaona kwamba amebahatika. Miezi iliyo bora kwa safari hiyo ni Mei hadi Septemba, lakini nayo ina mtihani wake: usiku wa Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya sufuri, na umande ulioganda huonekana juu ya turubai asubuhi. Aliyekulia Limuru atastahimili akiwa na kofia ya sufu na soksi mbili. Aliyetoka Lamu na kudhani kwamba jangwa ni joto daima atakesha.

Joto la kiangazi si suala la kuvumilia tu. Korongo la Kings Canyon, lililo ndani ya mbuga ya Watarrka, lina njia ya kilomita sita inayozunguka ukingoni juu ya kuta zinazozidi mita 100. Mzunguko huo huchukua saa tatu au nne, na huanza kwa kupanda ngazi za mawe zenye miinuko mikali. Siku ambayo utabiri ni wa nyuzi 36 au zaidi, hakuna anayeruhusiwa kuanza matembezi hayo baada ya saa tatu asubuhi. Huko Kata Tjuta, kundi la majabali 36 lililo magharibi mwa Uluru, njia ipitayo katika Bonde la Upepo hufungwa sehemu yake kuanzia saa tano asubuhi katika siku kama hizo. Ndiyo maana vikundi huamshwa saa kumi au kumi na moja alfajiri, jambo ambalo wageni wengi hulilalamikia hadi watakapoona jua lilivyo saa nne.

Kila mtu hutakiwa kubeba lita tatu za maji kwa matembezi ya Kings Canyon, kwa hesabu ya lita moja kwa kila saa. Kiongozi makini hukagua chupa kabla ya kuondoka, na asiyezijaza haruhusiwi kuongozana na wenzake. Huo si ukali usio na sababu. Mkazi wa Mombasa amezoea jasho linalotiririka na kulowesha shati, hivyo hujua kwamba mwili unapoteza maji. Katika hewa kavu ya jangwa, jasho hukauka mara tu linapotoka. Ngozi hubaki kavu, shati halilowi, na mtu hudhani yuko salama wakati ambapo mwili wake umekwisha kupungukiwa na maji. Kiu nayo huchelewa. Kinachotangulia mara nyingi ni kuumwa na kichwa, kisha hasira zisizo na sababu, kisha kuyumba, na kuyumba ukingoni mwa genge si jambo dogo. Yapaswa kunywa kidogo kidogo kila mara, na kula kitu chenye chumvi.

Na nzi? Wapo, tena kwa maelfu katika miezi ya joto. Hawaumi, lakini hutafuta unyevu wa macho na pua bila kukoma. Chandarua kidogo cha kuvaa juu ya kofia humfanya mtu aonekane kama mrina asali, lakini baada ya saa moja hakuna anayecheka.

Kituo kikuu cha safari hizi ni Uluru, mwamba mmoja wenye urefu wa mita 348 kutoka usawa wa ardhi na mzingo wa kilomita 9.4. Wekundu wake hutokana na madini ya chuma yaliyoshika kutu juu ya uso wake. Kwa miongo mingi wageni waliujua kwa jina la Ayers Rock, na kilele chake ndicho kilichokuwa shabaha yao. Wenyeji wake, Waanangu, waliwasihi wasiupande, kwa kuwa njia hiyo inahusiana na masimulizi na sheria zao takatifu, na kwa kuwa wao huhesabu kwamba mgeni akifia katika ardhi yao, msiba ni wao pia. Watu wasiopungua 37 walipoteza maisha yao katika upandaji huo tangu miaka ya 1950, baadhi kwa kuanguka na wengine kwa mshtuko wa moyo.

Mnamo Oktoba 26, 1985, serikali ya Australia iliwarudishia Waanangu hatimiliki ya ardhi hiyo, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 ili iendelee kuwa mbuga ya taifa. Bodi ya mbuga, yenye wenyeji wengi, iliamua mwaka wa 2017 kwamba upandaji ukomeshwe, na amri hiyo ikaanza kutekelezwa Oktoba 26, 2019. Mgeni wa leo huuzunguka mwamba kwa miguu, mwendo wa kilomita 10.6 kwenye ardhi tambarare, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapotezi kitu. Aliye juu ya mwamba hauoni mwamba. Anayeuzunguka huona mapango, michoro ya kale, na madimbwi ya maji yaliyowawezesha watu kuishi hapo kwa maelfu ya miaka.

Katika sehemu fulani za njia hiyo yamewekwa maandishi yanayokataza kupiga picha, kwa sababu mahali hapo ni pa ibada za wanawake au za wanaume pekee. Kiongozi anaweza kuulizwa maana yake akajibu kwamba hana ruhusa ya kueleza. Mgeni asimlaumu. Katika desturi ya Waanangu, elimu fulani hupewa anayestahili, kwa wakati wake, na kulipa kiingilio hakumpi mtu haki ya kuijua yote. Vile vile asiondoke na jiwe, hata dogo kama punje ya mahindi. Ofisi ya mbuga imekuwa ikipokea vifurushi vya posta kutoka nchi mbalimbali vyenye mawe yaliyochukuliwa zamani, yakifuatana na barua za kuomba radhi.

Njiani abiria wanaweza kuona ngamia, na Mkenya akashangaa kusikia wakiitwa wanyama waharibifu. Ngamia wa kwanza alifikishwa Australia mwaka wa 1840. Kuanzia miaka ya 1860 waliletwa kwa maelfu, pamoja na wachungaji wao kutoka Afghanistan na sehemu ambazo leo ni Pakistan na India, na ndio waliobeba vyakula, vifaa vya reli na nyaya za simu hadi katikati ya bara. Wachungaji hao walikuwa Waislamu wengi wao, na huko Marree walijenga mmojawapo wa misikiti ya mwanzo nchini humo. Treni iendayo kutoka Adelaide hadi Darwin kupitia Alice Springs ingali inaitwa The Ghan, jina linalohusishwa nao. Malori yalipoingia katika miaka ya 1920 na 1930, ngamia waliachiliwa, wakazaana, wakaanza kukausha visima na kuvunja ua na mabomba. Katika mpango wa serikali uliomalizika mwaka wa 2013, ngamia wapatao 160,000 waliuawa. Mrendile akisimuliwa habari hiyo huenda akaomba irudiwe.

Kwa anayekusudia kwenda, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Je, bei inajumuisha kiingilio cha mbuga, au hulipwa kando? Mfuko wa kulalia hutolewa bure, hukodishwa, au kila mtu huja na wake? Kikundi kitakuwa cha watu wangapi, na iwapo njia itafungwa kwa sababu ya joto au mafuriko, kuna ratiba gani badala yake? Gari lina simu ya setilaiti? Kampuni inayojibu swali hili la mwisho kwa kusitasita haifai, hata kama nauli yake ni nusu ya nyingine. Bima ya safari nayo isomwe vizuri, kuhakikisha kwamba inagharamia kumsafirisha mgonjwa kwa ndege. Huduma ya madaktari wanaoruka, iliyoanzishwa na mhubiri John Flynn mwaka wa 1928, huwafikia watu walio mbali kabisa, lakini hospitali watakayopelekwa bado ina malipo yake.

Mwenye maradhi ya moyo, pumu au kisukari amweleze kiongozi faraghani siku ya kwanza, wala asingoje hadi apande ngazi za Kings Canyon. Dawa zibebwe katika mkoba wa mkononi badala ya kuachwa kwenye trela.

Mwisho ni suala la kurudi. Safari ya siku tatu hukamilika Alice Springs jioni, na gurudumu moja likipasuka, jioni hiyo hugeuka kuwa usiku wa manane. Anayeunganisha na ndege ya Sydney au Melbourne akate tikiti ya siku inayofuata. Baadhi ya safari humruhusu mtu kushukia kwenye uwanja wa ndege wa Ayers Rock, ulioko karibu na mji mdogo wa Yulara, na kumwepusha kilomita 450 za kurudi. Atakayechagua hivyo aiambie kampuni mapema, kwa sababu mizigo mizito ya abiria huachwa Alice Springs, nalo basi halitairudia.